Siku Nilirudi Kumutafuta Binti Yangu kwenye Njia ya Beni

Ndugu zangu, bamama na bapapa, munanijua. Mimi ni ule fundi wa kinga, wa baiskeli, wa Kimemi hapa Butembo, ule anatengenezaka velo zenu na chukudu zenu za mbao. Munanijua kama mutu wa kunyamaza. Pasta aliniuliza mara mbili kama niko tayari kusimama hapa, na mara mbili nilisema hapana. Mara ya tatu ni muke yangu alinijibia. Donc niko mbele yenu.

Nianze pale nilianguka.

Mbele ya kuwa fundi, nilikuwaka mubebaji wa mafuta ya mawese. Tulikuwa bawili, mimi na mudogo wangu, tumbo moja. Tunashuka Beni na kinga tupu, tunafunga mabido, madumu ya mafuta, tunapanda nayo Butembo tukisukuma na kifua. Vita ilipoanza, kamio za mizigo zikapunguka, na ni sisi batu ba kinga tulikuwa tunalisha muji.

Siku moja, asubui, jua limeisha kupanda, batu ba bunduki balitoka mu migomba. Mudogo wangu alipigwa risasi ya paja. Alianguka kando ya kinga yake, akanyoosha mukono, akaniita vile mudogo anaitaka kaka yake mukubwa, "Yaya." Hakulalamika. Aliita tu vile mutu anaitaka mwenzake amushikilie kitu.

Nilimuangalia. Nikakimbia.

Nawaambia ukweli, ndugu zangu, parce que kwa miaka mbili sikuusema. Nilipofika nyumbani, nilisimama mbele ya familia yote na mbele ya muke yake, nikasema nilimuona akikufa pale pale. Nilisema vile kusudi mutu asiniulize kwa nini nilimuacha. Mutu mwenye amekufa haachwi. Tukafanya kilio bila maiti. Ninyi mulikuja. Mulileta fufu na maharagi, muliniimbia nyimbo za kunifariji, na mimi nilikuwa nakula ile chakula yenu juu ya uongo.

Kuanzia pale, woga uliingia mu nyumba yangu kama mupangaji. Nililala na viatu mu miguu. Sufuria ikianguka kwa jirani, mimi niko chini ya meza. Nilikunywa pombe ya kasiksi mupaka jasho yangu ikanuka ndizi. Sikuvuka tena mwisho wa muji. Njia ya Beni, hata nikiiona kwa mbali, nageuka narudi.

Binti yangu alikuwa anaona yote hiyo. Alikuwa na miaka kumi na tatu wakati ile mambo ilifika, sasa ana kumi na tano. Alijifunza kazi ya kinga mu mikono yangu, na siku mikono yangu ilikuwa imelewa, alijifunza peke yake.

Basi kanisa yetu na kanisa ya Beni zikapanga mashindano ya kinga, kule mu milima ya Beni. Kila kijana atafute batu ba kumutolea maharagi, ayabebe mwenyewe, na ile maharagi iende kwa batoto ba bakimbizi bale balikuwa mu hopitali ya Beni, bale miguu ilikuwa imevimba kwa njaa. Muchuruzi mumoja wa hapa akaazima vijana kinga za mulima alizitosha Kampala, zile zinaitwa VTT, za mipira minene. Binti yangu akapata moja. Kila siku kisha masomo anapanda mulima, anashuka, anarudi na udongo mupaka kwenye meno.

Mama yake akasema hapana kwenda bila papa yako. Nafikiri alisema vile akijua sitakubali. Na mimi nilijua sitakubali. Mais mutoto hakunibembeleza. Alikuja na ile kinga mu atelier, akaniambia, "Papa, frein ya nyuma inashika mubaya. Tunaenda siku ya tano." Nikachukua ufunguo, nikaanza kufungua ile breki. Pale ndipo nilijua nimekubali.

Tulipanda kamio ya kubeba viazi na mboga ya puaro, sisi juu ya magunia, kinga imefungwa kando yetu. Baridi ya Butembo ilikuwa inauma. Binti yangu anaimba. Mimi nahesabu kona. Kila kona najua. Tulipopita ile moja, ile yenye migomba chini ya njia, nilifunika uso na koti, nikajifanya nimelala.

Mbele kidogo, kwenye barieri ya barabara, basoda ba jeshi ya serikali bakasimamisha kamio, bakasema banaihitaji ya kubeba benzabo. Hakuna wa kubakatalia. Tukashuka sote. Soda mumoja, kijana kabisa, akaniambia kwa Lingala polepole kama njia hapo mbele si muzuri, tuende mbio. Kurudi Butembo ilikuwa mbali kuliko kwenda Beni. Tukaweka gunia ya maharagi juu ya kinga, mimi nasukuma nyuma, yeye anashika guidon, usukani wa kinga, tunafuatana na bamama ba soko kama sita na muzee mumoja.

Tulitembea kama saa moja. Joto la Beni lilikuwa limeanza kupanda, nikavua pulovere. Ndipo risasi zikalia mbele yetu, karibu sana.

Ndugu zangu, sikufikiri. Miguu yangu ilikuwa inajua kazi yake. Nilijitupa mu shamba ya kahawa, nikakimbia, matawi yananipiga uso, nikakimbia mupaka pumzi ikakatika, nikalala na tumbo. Kisha nikageuza kichwa kumuonyesha binti yangu pa kujificha.

Hakukuwa mutu.

Nikasikia sauti yake kule barabarani, mara moja tu. "Papa."

Nilibaki mule mu kahawa. Sisemi nilikuwa jasiri, sitawadanganya tena mu hii kanisa. Nilibaki pale muda wa mutu kusema Baba yetu uliye mbinguni mupaka mwisho, na sikuwa naomba. Nilikuwa nasikia sauti mbili, ya binti yangu na ya mudogo wangu, na zilikuwa sauti moja. Mwili wote unasema ukae. Nilijikojolea. Na nikiwa vile, nimejikojolea, nikaanza kutambaa kurudi.

Nilimukuta mu mufereji kando ya njia. Kinga ilikuwa imeanguka juu yake na gunia imemubana muguu. Batu ba bunduki balikuwa kama hatua makumi mbili kutoka pale, banafungua mabeseni ya bamama, bananyanganya vitu. Niliinua gunia kidogo kidogo, akatosha muguu, tukalala uso kwa uso mu ile maji chafu. Nilikuwa nahema kama ngombe. Yeye ndiye aliweka mukono juu ya kinywa yangu.

Bakachukua vyenye balitaka. Bakapita karibu, nikaona botte, buti moja, bila kamba. Kisha bakaingia mu pori. Ule muzee alikuwa amejeruhiwa mukono. Bamama bamoja bakapoteza kila kitu. Siku ile hakuna alikufa, Mungu wetu Nyamuhanga apewe shukrani.

Tulikaa pembeni binti yangu afunge muguu. Hakuniuliza kwa nini nilikimbia. Aliniuliza kitu ingine.

"Papa, papa mudogo alikuita?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa muzima?"

Nikasema ndiyo.

Akakaza kitambaa mu muguu. Kisha akasema, "Leo ulirudi." Akasimama, akashika guidon, tukaenda.

Mashindano yalikuwa kesho yake. Muguu wake ulikuwa umevimba, nilimuambia aache, akasema maharagi imefika na yeye atafika. Balipita mu milima, bakaja kumalizia Mulekera, mu muji wa Beni. Mimi nilisimama kwenye mupando wa mwisho. Ndege ya basoda ilipotoka kwenye kiwanja ya ndege ya Mavivi na kupita juu yetu, nilijitupa chini mbele ya batu bote, na mama mumoja mukimbizi, hata simujui, alikaa chini kando yangu mupaka ikapita. Binti yangu alifika kati ya ba mwisho kabisa, anasukuma kinga, anachechemea. Batu balimupigia mikono kuliko ule alishinda zawadi ya mbuzi.

Asubui ingine tulipikia batoto ba hopitali. Nilishika mwiko. Kulikuwa kasichana kamoja kalikula polepole sana, kanaangalia kila mara kama kuko mutu atamunyanganya. Nikajua ule woga, nilikuwa nao.

Tulirudi Butembo kwa ile ile njia. Niliogopa kila kona. Na mbele ya kufika kwangu, nilipita kwa shemeji yangu, muke ya mudogo wangu. Yuko hapa, aliniruhusu niseme. Nilipiga magoti nikamuambia nilimuacha muzima.

Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha kupeta. Akasema, "Nilijua. Mutu aliyeona ndugu yake akikufa anaongea juu yake. Wewe hukutaja jina yake miaka mbili." Kisha akaweka lungo chini. "Utanionyesha pahali."

Tukaenda, yeye, mimi, pasta, na bapapa batatu ba hii kanisa. Kwenye ile kona tukauliza nyumba kwa nyumba. Mukaka mumoja, mama muzee sana, akatupeleka nyuma ya migomba yake. Kaburi ilikuwa pale, na mawe, na maua alipanda yeye mwenyewe. Akasema ule kijana aliishi mupaka asubui ya kesho yake. Alimupa maji. Alimuuliza batu bake ni banani, kijana akamuambia asisumbuke, yaya wake amekwenda kutafuta batu ba kumubeba.

Ndugu zangu, munipe dakika.

Donc. Alikufa akiningoja, na alikufa akiniamini. Sijui niweke wapi ile neno. Kuko siku inanikata, kuko siku inanibeba. Shemeji yangu alimukumbatia ule mukaka, bakalia pamoja kama dada, na mimi nikataja jina ya mudogo wangu kwa nguvu, mara ya kwanza.

Namushukuru ule mukaka, alimuosha mutu asiyemujua. Nashukuru pasta na bale batatu, balipanda ile njia bila kuniuliza kitu. Namushukuru muke yangu, alivumilia mulevi wa kulala na viatu. Shemeji, wasingya, aksanti. Na namushukuru binti yangu, ule anajificha kule kwa kwaya.

Tunasemaka kwa muoga kunaenda kicheko, kwa shujaa kilio. Kwangu mimi muoga, kicheko hakikufika. Nilichojifunza ni kidogo: woga haukutoki. Bado ninalala na viatu siku zingine. Mais mutu anaweza kutambaa nao.

Vita haijaisha, na najua siko peke yangu. Kama kuko mutu hapa mwenye ndugu yake alibaki mu ile njia, na anaogopa kuenda kuuliza, anikute inje kisha ibada. Nitamusindikiza. Nitaogopa sana, atanisikia nikihema. Mais nitaenda.