Remigius Libenanga na Makaburi Yaliyofunikwa na Lumemo

Remigius Nikodemu Libenanga alizaliwa Ifakara tarehe 14 Septemba 1955, mtoto pekee wa Mzee Nikodemu Libenanga na marehemu Aurelia. Mama yake alifariki Machi 1964, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo kando ya mto Lumemo. Miaka minne baadaye, wakati wa masika, mto ulivunja kingo zake. Maji yalipopungua, misalaba ya miti ilikuwa imekwenda na tope zito jeusi limefunika kila kitu. Tangu hapo, kila Siku ya Marehemu Wote, wakati majirani walipokuwa wakipalilia makaburi ya ndugu zao, Mzee Nikodemu alikwenda kwenye uwanja ule na jembe lake, akasimama, akarudi nalo safi. Mwanawe alimfuata nyuma. Mzee alikuwa na ombi moja ambalo hakulificha kwa mtu: akifa, alazwe karibu na mkewe.

Remigius alisoma shule ya msingi Lipangalala, kisha sekondari ya Kwiro, Mahenge. Mwaka 1981 alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akabaki hapo kufundisha. Hakuwa msemaji. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa na tabia ya kungoja darasa litoke lote ndipo amfuate mwalimu na swali lake.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na Herieth katika kanisa la Mlimba, nyumbani kwa bibi harusi. Walijaliwa binti mmoja, Yunis.

Mwaka 1991 alikwenda Uholanzi kusomea shahada ya uzamivu. Kazi yake ilikuwa antena za rada ya kupenya ardhi. Antena ya aina hiyo huburutwa juu ya ardhi ikituma mawimbi chini; yakigonga kitu, hurudi na kukionyesha. Remigius aliijenga kwanza ndani ya kompyuta, kwa hesabu. Aliigawa antena, hewa na udongo katika visanduku vidogo mno, akakokotoa jinsi wimbi linavyotoka kisanduku kimoja na kuingia kingine. Hesabu moja ilichukua siku nzima, na wenzake walikwenda kwa familia zao wakamwacha akiingoja. Kila asubuhi aliiamkia kompyuta ile, "Shikamoo," kwa sababu, alisema, ilimtangulia kufika chumbani, na hakukuwa na mwingine wa kumwamkia.

Siku moja alipopiga simu, Herieth alimwambia, "Baba Yunis, hiyo antena yako imeolewa. Mimi nimechumbiwa tu." Remigius alicheka mpaka simu ikakatika.

Alikuwa amesafiri na udongo wa uwanja ule wa makaburi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Aliupima, akaingiza vipimo vyake katika hesabu, na kompyuta ikamwonyesha wimbi likifika chini hadi kina cha kaburi na kurudi. Kwa hesabu hizo akatengeneza antena yenye umbo la mabawa ya kipepeo.

Agosti 1995 aliileta Ifakara. Ukoo mzima ulikusanyika uwanjani. Makoye, mfugaji aliyekuwa akichunga ng'ombe pale, alimsaidia kuiburuta.

"Mwalimu, jembe gani hili lisilolima?" Makoye aliuliza. "Nikufungie maksai?"

Watu wakacheka, na Remigius pia. Lakini kwenye kioo cha chombo ulitokea mstari mmoja mweusi kwa juu, na chini yake hapakuwa na kitu. Waliburuta mpaka jua likageuka. Ndipo alipochimba kidogo kwa mkono, akafinyanga tonge la udongo, likakaa bila kumeguka. Ardhi ya Lumemo ilikuwa mbichi hata kiangazi. Udongo wa kopo ulikuwa umekauka safarini, naye kwa miaka yote ile alikuwa amepiga hesabu za ardhi isiyokuwepo.

Alirudia hesabu kwa udongo mbichi. Wimbi lilikufa kabla ya kufika kina cha goti. Mabadiliko ya antena hayakusaidia.

Baba yake mdogo, Barnaba, alimwita pembeni. "Mwanangu, onyesha popote tu. Tusimike msalaba, mzee apumue. Nani atajua?"

"Mimi nitajua, baba mdogo."

Akaenda kwa baba yake. "Baba, sijui mama alipo. Na mashine yangu haiwezi kujua."

"Umetoka Ulaya kuja kuniambia hujui?" Mzee alisema, akamgeuzia mgongo.

Baadhi ya ndugu waliacha kumtembelea. Alirudi Dar es Salaam kufundisha, na alipokuja Ifakara alikwenda uwanjani peke yake.

Mwishoni mwa mwaka 1998 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Aliomba kurudi nyumbani Ifakara, ambako Herieth alimuuguza. Mwezi Julai mwaka uliofuata Mzee Nikodemu alikuja na kigoda chake, akaketi kando ya kitanda.

"Wote walikuwa tayari kunionyesha kaburi," alisema. "Wewe tu ulikataa."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Ningepalilia shamba la mtu nikidhani nampalilia Aurelia. Kunywa uji."

Tangu siku hiyo mzee alikuja kila asubuhi. Remigius alifariki Jumanne, tarehe 17 Agosti 1999, saa nne asubuhi, baba yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Herieth, binti, Yunis, baba yake mdogo, Barnaba, na baba yake mzazi, Mzee Nikodemu. Leo anazikwa kwenye uwanja wa Lumemo. Mzee ndiye aliyechagua mahali, na amewaagiza wachimbaji waache nafasi ya kaburi moja upande wa kulia. Amesema yeye sasa anajua atakapolala.

Bwana ampokee Remigius, na ardhi hii imlaze kwa amani.