Bosi Hesabu na Watu Wake wa Ng'ambo

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha kunyolea nililinunulia wateja, lakini wateja wangu husubiri wima. Limekaliwa na Bosi Hesabu, mwenye ofisi ya uhasibu hapo ghorofani, na washauri wake wawili: Spana, fundi wa pikipiki, na Wakili, ambaye sheria hajaisoma ila kushindwa hakujui. Mwaka jana Bosi aliajiri wahasibu wa nchi ya mbali, wamfanyie kazi kwa kompyuta wakiwa kwao. Wakavuruga hesabu za wateja, akawaachisha. Jana, kahawa inamiminwa, akatuambia amepata wengine na wameshaanza asubuhi ile. Nilichoka kabla hajamaliza.

— Wale wa kwanza walikosea nini hasa? nikamuuliza.

— Kila kitu. Stakabadhi za duka la dawa wakamwandikia mwenye gereji.

— Usingizi huo, akasema Spana. Huku mchana, kule usiku. Mtu anajumlisha huku anaota.

— Sasa dawa yake?

— Kamera. Bosi awaone macho siku nzima. Mwenda pole hajikwai.

Methali hiyo na kamera vilijuana wapi, sijui. Wakili akasema kamera ni utoto, kosa lilikuwa mkataba mfupi. Uwe mrefu, mtu ausome mpaka aogope.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akamalizia.

— Wakili, hao hawaji. Wanabaki kwao.

— Basi afadhali. Hawatamaliza chakula.

Spana hakukubali kupitwa. Akataka waimbe pamoja kila asubuhi, wapate umoja. Wakili akataka kila mmoja achungwe na mwenzake wa nchi nyingine, na huyo naye achungwe. Na Bosi, mtu mwenye shahada ukutani, alikuwa anaandika yote hayo. Nilitamani kumnyang'anya kalamu.

Ndipo akashuka mpwa wake, binti wa dada yake, msaidizi pekee aliyebaki ofisini. Kila kilichovurugwa mwaka jana alikirudia yeye, nami nikifunga kibanda nilikuwa naiona taa yake bado inawaka. Hakuwahi kusimama kijiweni kwetu. Akatuamkia vizuri, kisha akauliza:

— Mjomba, hawa wapya wakikwama watamuuliza nani?

Bosi akamtazama Spana. Spana akamtazama Wakili. Wakili akanywa kahawa.

— Kwani wale wa kwanza walikuwa wanauliza? nikasema.

— Kila siku. Mjomba alikuwa hapa na nyie. Nikiwajibu, kazi zangu zinalala. Nisipowajibu, wanakisia.

Nikaona aibu, maana benchi ni langu.

— Kuna ofisi imeniita, Mjomba, akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia huko juu. Napenda kubaki kwako. Lakini jibu likiwa ni mimi tena, naenda.

Bosi akafungua mdomo. Kabla hajasema neno simu yake ikalia, namba ya ng'ambo. Kwa mazoea tu, akamnyooshea mpwa wake apokee.

Binti akaweka mikono nyuma.

Muuza kahawa akainamisha birika juu ya kikombe cha Bosi, halikutoa kitu. Simu ikaendelea kulia mkononi mwa Bosi, na sote tukawa tunamtazama yeye.