Somo la Arobaini la Mwalimu Maximiliana Salu

Mwalimu Maximiliana Salu, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 3 Aprili 1957, katani Sola, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Salu na Mama Esteria. Mvua ilikuwa ikinyesha polepole tangu jana yake. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia mara moja. Alitulia, macho wazi, akiisikiliza mvua, hadi mkunga akaingiwa na hofu na kumchapa kofi dogo la mgongoni. Hapo akalia, tena kwa hasira ya mtu aliyekatizwa mazungumzo. Tabia hiyo hakuiacha mpaka uzeeni.

Mzee Salu alikuwa na ng'ombe wengi, lakini aliyefika nyumbani kwake angeweza kudhani ni fukara, kwa kuwa zizini hawakuzidi kumi na wawili. Waliobaki alikuwa amewawekesha kwa watu, wawili huku, watatu kule, kama wazee wetu walivyozoea. Mwaka 1966 ugonjwa uliingia zizini ukawamaliza wote kumi na wawili katika muda wa wiki mbili. Maximiliana, mwenye miaka tisa, alikaa juu ya gogo la mlango wa zizi tupu akilia. Baba yake akamshika mkono, wakatembea boma hadi boma. Kila walikofika, mzee alisimama mlangoni akasema, "Nimekuja kudai," na mwenye boma akamtoa ng'ombe pamoja na ndama wake mbele ya majirani. Jioni walirudi Sola wakiwa na kundi zima. Alikuwa akituambia kwamba siku hiyo aliiona kama ndoto, vumbi likiwa la rangi ya dhahabu na kwato zikigonga taratibu nyuma yake, na kwamba tangu hapo hakuogopa tena kupoteza kitu alichokwisha kukigawa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko nyumbani kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya masista huko Mwanza, na mwaka 1977 akahitimu chuo cha ualimu Shinyanga. Hakuwa mwanafunzi wa kwanza, na tusimsingizie leo kwa sababu amelala. Alikuwa mtu wa kuota akiwa macho. Mwalimu wa hesabu angemwita mara tatu naye yuko mbali, anatazama pamba ya mti wa sufi ikielea dirishani. Lakini sista mmoja mzee aligundua kwamba msichana huyu akisikia kitu mara mbili anakishika chote, pamoja na pale msemaji alipokohoa. Akamfundisha sala na nyimbo za Kilatini, visa vya wafalme wa kale wa Misri na Kushi, na namna ya kuumba herufi bila haraka. Mbegu ya kazi yake yote ilipandwa hapo.

Ajira yake ya kwanza ilikuwa Kalemela, sasa wilaya ya Busega, kuanzia Januari 1978. Vitabu havikutosha, kwa hiyo alifundisha kwa mdomo. Alisimulia, watoto wakasikiliza, kisha mmoja mmoja wakamrudishia kisa kwa maneno yao. Darasa likipata joto sana, aliwatoa nje wakakaa popote penye upepo. Siku moja mwaka 1983 walikaa pembeni mwa shamba la pamba la kijana aitwaye Ngassa Maganga. Kijana akaja na fimbo kuwafukuza, kwani watoto walikuwa wamekanyaga mstari mzima. Alipofika, mwalimu alikuwa katikati ya hadithi ya fisi aliyemshitaki mwezi. Ngassa akasimama, fimbo ikashuka, kengele ya shule ikalia kabla hadithi haijaisha.

"Sasa yule fisi, mwalimu, mwisho wake ulikuwaje?" akauliza.

"Uje kesho," akajibiwa.

Alikuja kesho, na keshokutwa, na wiki nzima. Wazee wa Kalemela walitania kwamba hakuna mahari iliyowahi kutanguliwa na fisi. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 21 Julai 1984, na Mungu akawajalia watoto wawili, Clement na Esteria. Mzee Ngassa hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na hilo halikumsumbua mkewe hata kidogo. Likatusumbua sisi baadaye, kama mtakavyosikia.

Januari 2002 Wakristo wa Bariadi walipofungua Shule ya Mbegu Njema, kando ya njia iendayo Maswa, Mwalimu Maximiliana aliombwa aje awafundishe watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu. Aliitikia kwa sharti moja: kila asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu, kabla ya masomo ya serikali, apewe watoto wake. Hapo ndipo ulipozaliwa mtaala ambao wengi wenu mmeupitia. Aliujenga juu ya maneno matatu: sikia, shika, rudisha. Darasa la kwanza walisikia, wakajua uumbaji na gharika, sungura na fisi, mito na majira. Darasa la pili walishika, wakaimba hesabu na sala, Kiswahili na Kilatini, huku wakiandika mstari mmoja tu kwa siku, lakini mzuri. Darasa la tatu walirudisha, kila mtoto akisimama mbele ya wenzake kusimulia bila kitabu. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anamwamkia kwa lugha ya mapadre waliokwisha kufa. "Na wewe unamwitikiaje?" marehemu akamuuliza, na mzazi akaishia kukaa hadi saa mbili na nusu.

Aliyepita karibu na shule asubuhi hizo anakumbuka. Sauti za watoto zilitoka madirishani zikaenda juu ya mashamba, ukungu ukiwa bado umelala kwenye pamba, na watu wa baiskeli walipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Mzee Ngassa, aliyekwisha kuwa mlinzi na mchungaji wa ng'ombe wa shule, alikuwa na kigoda chake chini ya dirisha la darasa la tatu. Tulimzoea pale kama tulivyouzoea ukuta.

Mtaala wa mwaka wa kwanza na wa pili marehemu aliuandika kwenye kaunta buku nne, ambazo zipo. Wa mwaka wa tatu hakuuandika. Ulikuwa na masomo arobaini, nao aliuwekesha kama baba yake alivyowekesha ng'ombe. Kuanzia mwaka 2004, kila mwisho wa mwaka aliwateua watoto wawili, akawapa kila mmoja somo lake alishike neno kwa neno maisha yake yote. Sharti lilikuwa lile la zizini. Mtunzaji halipeleki somo kwa mtu; hungoja mwenyewe aje kudai. Mwaka 2023 alimteua mtoto mmoja tu. Alipoulizwa somo la arobaini atalitunza nani, alisema, "Hilo lina boma lake siku nyingi." Darasani hakuwahi kulifundisha. Aliwaambia watoto kwamba lipo, na kwamba ndilo linalofunga mengine yote.

Stephania, binti wa kaka yake Fredrick, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alikuwa akifundisha naye madarasa ya chini. Mara nyingi alimsihi aandike. Mwalimu mkuu, Mama Eliaichi, mwenyeji wa Machame na mtu wa utaratibu, alimsihi zaidi. "Mwalimu, mthibiti ubora akija nimwonyeshe nini? Nimwonyeshe watoto?" Marehemu akajibu kwamba hilo lingekuwa jambo zuri sana.

Tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, marehemu alipatwa na kiharusi akiwa jikoni kwake. Alitibiwa hospitali ya mkoa, kisha Mwanza, akarudi nyumbani mwezi Mei. Mkono wa kushoto ulibaki mzima na macho yalibaki yaleyale, lakini maneno yalikuwa yamekwenda, ya ulimi na ya kalamu. Mtu aliyeishi kwa ulimi alilala kitandani akitazama pazia likipumua dirishani, na hatukujua alikuwa akiota nini. Iliuma sana, na bado inauma.

Mwezi Juni kamati ya shule ikakaa. Ikaamua kwamba kama mtaala wa mwaka wa tatu hautapatikana wote kwa maandishi kabla ya kikao cha Novemba, saa ile ya asubuhi itageuzwa kuwa ya mazoezi ya mtihani wa darasa la nne. Mama Eliaichi aliitetea kadiri alivyoweza. Alipotoka kikaoni alimwambia Stephania, "Wakishaichukua hiyo saa, mwanangu, hawatairudisha."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, basi Stephania akaingia njiani kudai. Alimkuta Shukrani, mmoja wa watunzaji, huko Lamadi akianika dagaa, na somo la kumi na mbili likatoka neno kwa neno, kila sentensi na konzi yake ya dagaa mchangani. La tatu lilikuwa kwa fundi cherehani wa Maswa, ambaye alisimamisha mashine na kuvua kofia kwanza. La ishirini na saba lilifika kwa simu kutoka kwa askari aliye mpakani. Hakuna hata mmoja aliyesema amesahau. Wengi waliuliza tu, "Mbona mmechelewa?" Kila jioni Stephania alimsomea shangazi yake lililopatikana, naye alifumba macho na kugonga shuka kwa kidole, neno kwa neno. Penye kosa kidole kilisimama.

Kufikia tarehe 20 Oktoba masomo yalikuwa thelathini na tisa. Stephania alipiga magoti kando ya kitanda. "Shangazi, la arobaini liko kwa nani?" Marehemu akainua mkono wake mzima, akaunyoosha dirishani kuelekea zizini. Stephania akaona ng'ombe, akamletea maziwa. Kesho yake akauliza tena, mkono ukanyooka kulekule, maziwa yakaja tena. Siku ya nne marehemu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akayanywa yale maziwa yote, kwa huruma tu nadhani. Naye Mzee Ngassa alikuwa zizini muda wote huo, ameinama anakamua.

Mwalimu Maximiliana alifariki dunia nyumbani kwake Bariadi, Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Padre alikuwa amempaka mafuta siku iliyotangulia. Mumewe alikuwa amemshika mkono. Nje watoto wa jirani walikuwa wakienda shule huku wanaimba hesabu, na Mzee Ngassa anasema kidole cha marehemu kiligonga shuka hadi wimbo ulipopita kona.

Ijumaa alasiri, msibani, Stephania alikaa karibu na mzee akamlilia. Alimwambia kwamba mtaala umekufa ukiwa umebakiza somo moja.

"La arobaini?" mzee akauliza. "Hilo ninalo mimi."

Stephania alidhani ni uchungu unaosema. "Baba, unalo tangu lini?"

"Tangu mwaka ule tulipoezeka darasa la tatu. Alinipa mimi wa kwanza, kabla ya watoto."

"Sasa mbona hukusema, baba? Miezi yote hii!"

"Nilidhani utakuja, mayu, mama yangu. Nikakuona unakwenda Lamadi, unakwenda Maswa, nikasema labda zamu yangu bado. Mlikuwa mnatafuta waliokaa ndani. Mimi nilikuwa nje ya dirisha. Na kitu cha kuwekeshwa hakijipeleki chenyewe. Mwenye mali ndiye anayekuja kudai."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na wasomi wa ukoo huu tumefundishwa. Stephania alimwomba alitaje palepale. Mzee akakataa kwa upole. Alisema ng'ombe wa watu harudishwi vichochoroni; hurudishwa mchana, mbele ya mashahidi, na mwenyewe akiwepo. Kwa hiyo hata anayesoma maneno haya hajui somo hilo linasema nini. Mama Eliaichi yuko hapa na wajumbe wa kamati wapo, nao watakaa kikao chao Ijumaa hii.

Marehemu ameacha mume, Mzee Ngassa Maganga, watoto wawili, Clement na Esteria, wajukuu watano, kaka mmoja, Fredrick, na watunzaji thelathini na tisa, ambao tunawaomba wasimame walipo ili mama huyu asindikizwe na kundi lake zima. Mwalimu wetu na apumzike kwa amani ya mtu ambaye mali yake yote iko kwenye maboma salama.

Chini ya ukurasa huu mnaona mistari mitupu. Wachapaji hawakukosea. Ila msitoe kalamu bado, kwani Mwalimu asingekubali. Kwanza ni kusikia.

Mzee Ngassa, baba yetu. Mwenye mali amelala hapa mbele yako, mchana kweupe, na mashahidi ni hawa wote. Sisi ni watoto wake.

Tumekuja kudai.