Barafu Iliyopita Nyuma ya Shule

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Seipone Moatlhodi ametutoka. Mwalimu wa jiografia, yule aliyetuambia kijiji chetu kiliwahi kulala chini ya barafu. Kijiji hiki hiki, ambako Desemba mtu anatoka jasho hata kivulini!

Tulimcheka, naye akacheka nasi. Aligandisha maji na kokoto kwenye beseni, katika friza ya bucha, kisha wanafunzi wakaburuta lile bonge juu ya mche wa sabuni. Sabuni ikabaki na michirizi. "Haya, vueni viatu," akasema, akawapandisha kwenye mwamba ulio nyuma ya shule. Nao una michirizi vilevile.

"Fumbeni macho. Barafu inapita. Taratibu. Imekokota mawe tumboni."

"Mwalimu, mi nasikia baridi!"

"Muongo wewe, nyayo zinaungua!"

"Mwacheni," alisema Mwalimu. "Ameshafika."

Kisha ikaamuliwa mwamba uvunjwe, zipatikane kokoto za barabara. Na aliyepewa kazi ya kuuvunja ni mwanawe wa pekee, Oreeditse, mwenye mashine yake ya kuchimbia.

"Mama, nitakula michirizi?"

"Simama juu yake kwanza, mwanangu."

Oreeditse anasema alisimama ili yaishe tu. "Nikafumba macho. Nikasikia kitu kizito kinapita, pole pole, na mimi mdogo kabisa." Akazima mashine. Kokoto zikatafutwa kwingine, naye akakaa bila kazi kipupwe chote, akila kwa mama. "Kula, bwana barafu," mama alimtania.

Jumamosi alfajiri wanakijiji walikwenda kumchimbia Mwalimu kaburi kando ya mumewe, kama alivyoomba. Koleo zikagonga mwamba. Wakaufagia. Michirizi!

"Leteni nyundo," alisema shangazi yake Oreeditse, Mma Keitumetse. "Aliomba alale na kaka yangu."

Watu wote wakamtazama Oreeditse. Alikuwa analia waziwazi.

"Fukieni," akasema. "Tuchimbe kule."

Basi Mwalimu Seipone amelala upande wa pili wa makaburi, mbali na mumewe. Shangazi hajamsemesha Oreeditse mpaka leo.

Pole sana, Oreeditse. Pole, Mma Keitumetse, hasira yako tunaielewa. Poleni wanafunzi wake wote. Nawe unayetusikiliza, zima jiko kidogo, ukae chini, ujiulize: ungekuwa wewe umesimama pale, na mama yako anasubiri kuzikwa, ungesemaje?