Historia ya Kipaza, Bila Kukatwa

Wazee wetu, mama zetu, majirani, walimu, na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, historia hii inasomwa na kaka wa marehemu, mtoto wa kwanza wa fundi redio, ambaye jana kwenye kikao cha familia alikabidhiwa ukurasa mmoja uliochapwa vizuri, unaosema kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ukurasa huo anao, ameukunja mfukoni, na hatausoma, kwa sababu marehemu mwenyewe alimwomba jambo jingine, na jambo hilo mtalisikia tukifika mwisho. Anamwomba radhi mapema baba mkubwa aliyeuandika kwa nia njema, anamwomba radhi shangazi, na anaomba aliyeketi karibu na mama amshike mkono.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 2000, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali ya wilaya, akiwa binti, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi redio na mkewe mshonaji. Inasemekana alilia kwa sauti iliyomfanya mkunga acheke na kusema kwamba huyu amemeza kipaza sauti, baba akalipenda neno hilo, akalirudia nyumbani, na tangu siku hiyo jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti, mtaa mzima ukamjua kwa jina la Kipaza.

Alikulia ndani ya karakana ya baba, chumba cha mbele chenye meza ndefu, redio zilizofunguliwa matumbo na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa, na upande wa dirishani cherehani ya mama. Juu ya kabati palikuwa na feni ya mezani ambayo kila ikigeukia kushoto ilikwaruza, na baba hakuigusa miaka yote, mama akawa anasema kwamba ameolewa na fundi wa watu wote isipokuwa wa nyumbani kwake. Hapo chini ya meza ndipo Kipaza alipojifunza kusikiliza, akiwa na miaka sita alikuwa anaweza kumwambia baba ni redio ipi imepona na ipi inajikaza tu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 2007 hadi 2013, akaendelea na sekondari kuanzia 2014 hadi 2019. Ni lazima isemwe, maana walimu wake wako hapa, kwamba tarehe 5 Juni 2017 aliingia ofisini, akawasha kipaza sauti cha shule, akaigiza sauti ya mwalimu mkuu na kutangaza kwamba vipindi vya mchana vimefutwa, madarasa matatu yakaenda nyumbani, naye akasimamishwa masomo wiki moja. Baba alipoitwa shuleni alijitahidi kununa lakini alishindwa, akacheka mbele ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu naye akacheka, adhabu ikabaki palepale.

Kuanzia Januari 2020 hadi Agosti 2022 alifanya kazi katika duka la kupiga picha na kurekodi sherehe, ambako alijifunza kukata na kuunga sauti, na mwenye duka, aliyepo hapa leo, anashuhudia kwamba alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mkubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 2022 alipata ufadhili wa kwenda kusoma nje ya nchi, shahada ya Sanaa na Vyombo vya Habari katika Jamii. Wajomba waliuliza kama sasa tutamwona kwenye taarifa ya habari, shangazi akauliza kama hiyo ni kazi au ni burudani, na Kipaza akawaeleza kwa uvumilivu kwamba anakwenda kusomea namna sauti, picha, maigizo na hizi simu za mifukoni zinavyowafanya watu waaminiane, waogopane au wafichane. Baba peke yake ndiye aliyesema ameelewa, na alikuwa ameelewa kweli.

Aliondoka Jumapili, tarehe 11 Septemba 2022. Alikaa chumba namba 412, ghorofa ya nne ya bweni la wanafunzi wa kigeni, jiko moja kwa watu wanane, koti la kwanza la baridi alinunua la mtumba na mikono ilimzidi. Alisimama foleni ya kibali cha kuishi tangu asubuhi hadi mchana, akaambiwa picha yake ina kivuli, akarudi kesho yake. Darasani, kila mjadala ukigusa watu wa mbali, wenzake wote walimgeukia yeye kana kwamba ametumwa na serikali, na jina lake la kwenye cheti walilitamka hovyo mpaka akawaambia wamwite Kipaza, hilo wakaliweza. Jioni tatu kwa wiki alipanga vitabu kwenye rafu za maktaba. Alikuwa mpweke, na hakuficha, kila Jumapili alituma ujumbe wa sauti, baba naye akimjibu kutoka karakanani, akianza siku zote kwa maneno yaleyale, mwanangu, baridi inakung'ata au wewe ndiye unaing'ata.

Alirudi nyumbani mara moja tu, Julai 2023, kwa wiki tatu. Katika wiki hizo alifanya mambo mawili ambayo yanatuhusu leo. Kwanza, aliifungua ile feni, akaisafisha na kuitia mafuta, ikaacha kukwaruza, baba akalalamika siku mbili kwamba sasa hasikii kama inazunguka. Pili, alimfundisha kaka yake kukata na kuunga sauti kwenye simu, akamkazania kwamba kati ya kipande na kipande asiache utupu, kwa sababu sikio linaushtukia utupu, bali arekodi kimya cha chumba kilekile, maana kila chumba kina kimya chake, na akiweke hapo katikati. Kaka alidhani ni ujuzi wa kurekodia harusi.

Baba yetu alifariki ghafla, kwa moyo, Jumamosi tarehe 17 Februari 2024. Baada ya maziko familia ilikaa, na kama ilivyo desturi yetu kwa mtu aliye mbali, ikakubaliwa kwamba Kipaza asiambiwe mpaka amalize mitihani ya mwaka wa pili, asije akaacha masomo, nauli yenyewe haipo, na kulia akiwa peke yake kutamvunja. Mama aliulizwa, akasema hana nguvu ya kuamua, fanyeni mnavyoona. Kazi akapewa kaka, kwa sababu ana kifua na kwa sababu anajua simu. Kaka alikusanya ujumbe wa zamani wa baba, akaukata, akauunga, akapata baba anayesalimia, anayeuliza masomo, anayesema ana mafua kidogo ndiyo maana haongei sana. Palipohitajika kimya, alikwenda karakanani, akafunga mlango, akarekodi kimya cha chumba, kama alivyofundishwa. Alituma ujumbe tisa wa namna hiyo, na Kipaza alijibu wote tisa, akimwambia baba apone mafua.

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, siku moja baada ya mtihani wa mwisho, kaka alimpigia na kumweleza. Alitegemea kilio, lakini Kipaza akasema pole sana kaka, umebeba mzigo mzito. Kaka alikata simu akishangaa mtoto huyu ana moyo gani, na kwa kweli aliumia kidogo, akafikiri labda ughaibuni kumemkausha.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuolewa wala hakuacha mtoto. Shangazi alimuuliza habari hiyo kila mwezi bila kuchoka, na kila mwezi alijibiwa kwamba mchumba yupo, ni mrefu, ni mkimya, ana vitabu laki tatu na anafungwa saa tatu usiku.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, ambapo ukurasa wa mfukoni una mstari mmoja. Marehemu alianza kuchoka na kutokwa damu puani Oktoba 2024, na Jumatatu, tarehe 18 Novemba, katika hospitali ya mji aliosoma, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Hakumwambia mtu wa nyumbani. Alimwambia jirani yake wa chumba namba 413, mwanafunzi wa uuguzi, mgeni kama yeye, mwenye lugha nyingine na dini nyingine, aliyemwogesha, aliyemnyoa nywele zilipoanza kudondoka, na aliyeshika simu yake. Siku alizokuwa na nguvu Kipaza alirekodi ujumbe mwingi kwa mpigo, nimeshiba, nasoma, kuna theluji, shangazi anaendeleaje, na siku alizoshindwa kuinua kichwa, rafiki aliutuma mmojammoja kila Jumapili. Mama alisema sauti imekwaruza, ujumbe uliofuata ukaja umesafishwa. Sisi hatukushtuka. Hakuna utupu uliobaki mahali popote, hakuna mashine ya hospitali iliyolia nyuma, kazi yake ilikuwa safi kuliko ya kaka yake.

Tasnifu yake aliikamilisha akiwa kitandani, akaiwasilisha tarehe 14 Aprili 2025, ikafaulu. Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Kwenye simu ulibaki ujumbe wa Jumapili mbili, tayari kutumwa. Yule rafiki hakuutuma. Alimpigia kaka na kumwambia, kwa lugha waliyoichechemea wote wawili, kwamba yeye hawezi kutuma sauti ya mtu aliyekufa kwa mama yake kana kwamba yu hai.

Mwalimu aliyemsimamia alituma tasnifu pamoja na jeneza, lililofika juzi Alhamisi. Inahusu familia zinazowaficha watu wao walio mbali habari mbaya, na sauti zinazotumika kuficha. Kaka ameisoma kwa kamusi. Ukurasa wa thelathini na moja unasema kwamba tarehe 27 Februari 2024 mwandishi alipokea ujumbe wa pili kutoka kwa baba yake, akasikia feni inakwaruza, feni aliyoitengeneza kwa mkono wake mwenyewe miezi saba kabla, akaurudia ujumbe ule mara saba, na mara ya saba, kwenye sekunde ya kumi na tisa, pale kati ya kipande na kipande ambapo feni haikwaruzi, akasikia mtu anavuta pua. Alimjua mvutaji. Ameandika kwamba kwanza alicheka, kwa sababu kazi ilikuwa mbovu, halafu akashuka kwenye chumba cha kufulia, ambako mashine zinapiga kelele, akamlilia baba yake huko, na hakuna mtu aliyempa pole, kwa siku mia moja na mbili.

Kaka huyo ni mimi, mnaniona. Nilivuta pua nikirekodi kimya cha karakana ya baba, na sikujua. Mdogo wangu alijua tangu Februari, akaendelea kumjibu marehemu baba, apone mafua, ili mimi nisijue kwamba amejua.

Kati ya faili za simu yake kuna moja ya sauti, iliyopewa jina la ya kaka, ya mwisho. Nimeombwa nisiikate, kwa hiyo nimeiandika neno kwa neno na naisoma yote. Kaka, najua watakupa wewe usome, wewe ndiye msomaji wa familia. Mimi usinikate. Waambie niliugua miezi karibu sita na niliogopa sana. Mwambie mama nilimficha kwa sababu ndivyo tunavyopendana kwetu, najua inavyouma, nimewahi kufanyiwa, na bado nimefanya vilevile, anisamehe. Wewe usijitese. Ila ile sekunde ya kumi na tisa, aibu, nilikufundisha bure. Basi. Nimechoka kidogo.

Mama, tangu agundulike, mwanao aliugua siku mia moja sitini na tano. Aliogopa. Hakuwa peke yake, alikuwa na mtu wa kumshika. Nilipaswa kukuambia nyumbani, chumbani kwako, nikashindwa, jana pia nilishindwa, ndiyo maana unasikia mbele za watu. Nisamehe na mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya magonjwa ya damu, mwalimu aliyemsimamia na wanafunzi wenzake waliochangia safari ya mwisho, wafanyakazi wa maktaba, mwenye duka la picha, na majirani ambao tangu tarehe 2 hamjatuacha tukapika wala kuteka maji wenyewe. Binti aliyeketi kule nyuma, mwenye koti ambalo mikono imemzidi, ndiye wa chumba 413. Hajui lugha yetu, hajaelewa nilichosoma, tafadhali mtu asitoke hapa bila kumpa mkono.

Baba mkubwa, ukurasa wako ulikuwa mzuri, nitauhifadhi.

Naomba sasa tunyamaze dakika moja, hiki ndicho kimya cha chumba chetu, na atakayevuta pua avute, leo hatumfichi mtu. Pumzika, mdogo wangu, amani iwe yako nzima, isiyokatwa. Umesikika.