Kuku Weupe wa Mke wa Fundi

Benchi letu liko mbele ya duka la fundi cherehani, na asubuhi hiyo Fundi hakuwa amegusa mashine. Mkewe alinunua kuku watatu weupe wa mayai, akasafiri kwa mamake, akaacha agizo: watengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wale wanne wa kienyeji na jogoo wao. Fundi akaona huo ni ubaguzi. Akawatia banda moja siku hiyo hiyo. Sasa mweupe mmoja, yule mke anayempenda kuliko wote, amedonolewa na wa kienyeji mpaka mgongo umebaki nyama tupu, na mke anarudi jioni. Tukaagiza kahawa tumsaidie.

— Huo ni wivu wa rangi, akasema Mkasi, kinyozi wetu. Wapake wote dawa ya nywele. Ninayo nyeusi, kopo zima.

— Na mayai je? akauliza Fundi.

— Yatazoea.

Profesa, ambaye alikuwa tarishi wa chuo, akatikisa kichwa.

— Rangi haina kosa. Hao weupe wametotolewa na mashine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi ndio wanafunzwa.

— Anafunzwa mmoja tu, Profesa, na anatoka damu, akasema Fundi.

— Huyo atakuwa kiranja wao.

Nikawakumbusha kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wenyeji wamepona kabisa, akasema Fundi. Wanakula mpaka manyoya ya mgeni.

— Basi tatizo ni jogoo, akasema Mkasi. Anaelewa kienyeji tu. Mweupe akiomba msaada, yeye anadhani anatukanwa.

— Leta jogoo mwingine, asiye wa huku wala wa kule, awe mwenyekiti, akasema Profesa. Na katiba iwepo.

Akaomba kalamu, akaanza kuandika kifungu cha kwanza nyuma ya risiti. Tukaongeza kahawa.

Hapo akafika dada mmoja kufuata gauni lake. Akatuamkia, akasikiliza akiwa amesimama.

— Samahani, wajomba. Huyo anayedonolewa mmemweka wapi?

Mkasi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Fundi.

— Si yumo bandani, akasema Fundi polepole.

— Na wale wale?

Fundi akaacha kikombe akakimbia uani, na mimi nikaona aibu ya saa nzima ikinishukia kwa mara moja. Alirudi amembeba mweupe kwa mikono miwili, na sisi wenye majibu yote hatukuthubutu kuuliza kama anapumua.