Mama Futa-W Anaondoka na Kalamu Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mhariri wetu wa skripti anastaafu rasmi Ijumaa hii. Kampuni nzima ya filamu inamwita Mama Futa-W, na wapo waongozaji watakaolala usingizi mnono usiku huo. Mimi wa chumba cha mavazi nimeombwa nimwandikie wasifu, nikakubali kwa sharti kwamba sitatia chumvi.

Alipoanza kazi, mlinzi wa getini alikiona kiti chake cha magurudumu, akashika mpini na kumsukuma mbio hadi mapokezi, kwa moyo mweupe kabisa. Kumbe Mama alikuwa anatoka kwenda dukani kununua kalamu. Ilibidi aanze safari upya. Alirudi na kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo hatujapumua.

Enzi hizo filamu zetu zilimpa mlemavu kazi nne tu: kulia dirishani, kusamehe kila mtu, kufa ili shujaa apate akili, au kusimama wima dakika ya mwisho, miguu ikirudi kama umeme uliokatika. (Mama amekaa nasi miaka yote hii na hajasimama hata mara moja. Tumsamehe.) Skripti zilijaa anasukumwa, anabebwa, analishwa, anahurumiwa. Yeye akafuta w zote. Ikawa anasukuma, anabeba, analisha, anahurumia. Waongozaji walipomjia juu, aliwaambia kwamba filamu ya saa mbili isiyompa mtu hata kitenzi kimoja cha kwake ni tangazo la kiti.

Hakuna aliyesahau mkasa wa godoro. Skripti ilisema bibi harusi mwenye ulemavu anabebwa na bwana harusi kuingia nyumbani kwao. Mama akafuta w yake, mpiga chapa akachapa alichokiona: bibi harusi anabeba na bwana harusi. Wanabeba nini? Hakuna aliyejua, na mwongozaji, kwa kuogopa kuonekana hajaelewa, akaagiza godoro. Basi bibi harusi akaingia ndani na ncha moja mapajani, mume ameng'ang'ania nyingine, wanagombana upande wa kupita mlangoni. Jamani, watazamaji walicheka hadi machozi. Mwongozaji alipokea tuzo kwa ubunifu wake, na kwenye shukrani alimtaja hadi fundi wa taa. Hakumtaja Mama.

Mapenzi ndiyo yaliyompandisha mori zaidi. Kila shujaa wetu alimbusu msichana wa kwenye kiti bila hata kupiga hodi, violini zikalia, tukaambiwa hiyo ni huba. Mama aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kushindwa kukimbia si kukubali." Kwenye chumba cha mikutano, sisi tuliokuwa tumelia kwa furaha kwenye filamu hizo tulianza kukagua viatu vyetu. Ndiyo maana ipo w moja tu ambayo hajawahi kuigusa, na mara nyingi aliiongeza mwenyewe kwa mkono: anaulizwa.

Mngedhani tumejifunza. Wapi! Ofisi ikapanga kumuaga kwenye ukumbi wa ghorofani, ambako lifti haifiki. Rasimu ya ratiba ikatangaza kwamba mstaafu atabebwa na vijana wanne hadi jukwaani, muziki wa kugusa moyo ukipigwa na kamera zikirekodi. Rasimu ikapelekwa kwake aihakiki, kama kawaida. Ilirudi na w moja imefutwa na neno moja pembeni: "Ameulizwa?" Akaongeza kwa mdomo kwamba asipoulizwa, Ijumaa atapitia getini kama siku nyingine yoyote na kwenda zake nyumbani.

Meneja alishuka mwenyewe hadi mezani kwake, akauliza kama angependa kubebwa. Alijibu hapana. Meneja akasubiri sababu, akakohoa, akasubiri tena. Sababu haikuja, kwa kuwa hapana yake ilikuwa imekamilika.

Kwa hiyo sherehe ni uani, kwenye sakafu iliyo sawa, na ratiba imebaki kama alivyoisahihisha: mstaafu atabeba na vijana wanne. Wao watashusha viti vya wakubwa kutoka ghorofani, yeye atabeba keki mapajani, na atakayethubutu kugusa mpini wa kiti chake tutamcheka hadi naye astaafu.

Mama, asante kwa kila w uliyotunyang'anya. Umetuudhi vya kutosha na tutakukosa mno; mimi tayari nimeshaloanisha kola mbili za watu kwa machozi. Tungependa sasa kukutakia maisha mema, marefu, yenye barabara zisizo na ngazi. Unakubali? Ijumaa tutashika vikombe mkononi, na hatunywi mpaka utujibu.